Darasa la Ramadhani, Siku ya 20: Sanamu ya Urembo Sebuleni



Dada mmoja anayefanya kazi nyumba ya wageni hapa Moshi ameuliza: mgeni aliyeshuka mlimani kamwachia zawadi, sanamu ndogo ya Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale. Ni nakala ya kupambia nyumba tu, yeye haiabudu. Aiweke sebuleni? Au aiuze duka la vinyago apate hela ya futari?

Swali limekuja siku yake. Ramadhani ya mwaka wa 8 Hijria Mtume ﷺ aliingia Makka, na wengi wanataja tarehe 20. Kuizunguka Al-Kaaba kulikuwa na masanamu 360. Yote yakaondolewa.

*"Lakini ni pambo tu, sheikh."*
Tazama Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr, waliotajwa Surat Nuh aya ya 23. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza (Bukhari) kuwa walikuwa watu wema. Walipokufa, masanamu yao yakasimamishwa kwa ukumbusho, hayakuabudiwa. Kizazi kile kikapita, elimu ikapotea, ndipo yakaabudiwa. Hayo yalianza kama ukumbusho tu. Hili la Isis asili yake yenyewe ni kuabudiwa!

*Kuliuza je?*
Mwaka ule ule, huko huko Makka, Mtume ﷺ alikataza kuuza pombe, nyamafu, nguruwe na masanamu (Bukhari na Muslim). Hela hiyo isiingie kwenye futari yako, dada.

*Afanyeje basi?*
Jibril (a.s.) alielekeza sanamu likatwe kichwa, libaki kama mti (Abu Daud na Tirmidhi). Livunje kichwa, yaishe. Mgeni usimgombeze, alikusudia wema, mshukuru. Ukitaka pambo, picha ya Kibo au ya mgomba haina neno, kwani havina roho.

*Tahadhari:* hukumu hii ni ya nyumba yako. Familia zetu huku zimechanganyika. Ukienda Kibosho kwa shangazi Mkatoliki ukakuta sanamu ya Bi Maryam, usiiguse wala usiikejeli. Surat Al-An'aam aya ya 108 inatukataza kutukana wanavyoviomba wengine.

*Kazi ya leo:* kabla ya Magharibi, pita chumba kwa chumba, kila pambo ujiulize: liko hapa kwa sababu gani? Ukimaliza kuta, uulize na moyo.

Allah azitakase nyumba zetu na azikubali funga zetu. Aamiin.