Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Rangi ya Kuazima



Leo twende msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Kuna kipepeo mkubwa huko, wataalamu humwita *Papilio dardanus*. Dume ana rangi ya manjano hafifu, mabawa meusi pembeni, na mikia miwili nyuma. Hupenda kupita ukingoni mwa msitu penye jua.

Sasa jike, ndiyo habari. Huyu mweusi wa madoa meupe, yule rangi ya chungwa, mikia hawana. Mayai ya mama mmoja yanaweza kutoa mabinti wa sura mbalimbali! Zamani walihesabiwa kuwa spishi tofauti, mpaka mwaka 1869 Roland Trimen alipoeleza kwamba kumbe ni majike wa spishi moja.

Sababu ni ndege. Wapo vipepeo wengine ambao tangu uviwavi wao wamekula mimea yenye utomvu wa sumu. Ndege akimwonja mmoja anatema, na rangi ile haisahau. Jike wetu alikula majani ya jamii ya mlimau na mchungwa tu, sumu hana. Amevaa rangi ya wenye nayo, basi ndege anampisha. (Tusimhukumu, hakujichagulia vazi.)

Lakini vazi hilo linafaa maadamu wenye sumu ya kweli ni wengi. Waigaji wakizidi, ndege ataonja, ataona mtamu, ataacha kuiogopa rangi. Hapo hata mwenye sumu yake ya haki ataonjwa.

Juzi nilinunua tende. Muuzaji ana kofia, tasbihi mkononi, sikukagua. Magharibi tunafungua, ndani wadudu. Nikajiuliza, ile kofia niliiamini kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mzee mmoja wa utotoni kwetu, aliyekuwa akishapima anaongeza konzi moja juu. Muuzaji yule alikula imani aliyoiweka mzee. Na mimi pia huvaa kofia kila siku.

Jana nikaenda kwa muuzaji mwingine. Nikapekua tende moja moja, nikazipasua mbili tatu mbele ya wateja. Alinitazama tu, hakusema neno. Zote zilikuwa safi. Nililipa nikaondoka, wala sikumwomba radhi.

Leo baada ya alasiri, in shaa Allah, nitapita kwake.

Saumu makbul.