SOMO LA TEHAMA: Kutenganisha Matokeo na Makosa

Anayejifunza kuandika skripti katika mfumo wa Linux hukutana na mifano mirefu pasipo sababu. Kuunganisha majina ya wakazi wa mitaa miwili katika orodha moja ya huduma ya maji, mstari mmoja unatosha:

cat mtaa1.txt mtaa2.txt > orodha.txt 2> makosa.txt

Alama > hupeleka matokeo katika faili la orodha. 2> hupeleka ujumbe wa makosa katika faili lake. Kuandika 1> ni sawa na > peke yake, hivyo tarakimu 1 yaweza kuachwa. Ikumbukwe kuwa alama hizi hufuta yaliyokuwamo awali.

Faili la mtaa wa pili lisipokuwapo, amri huendelea na la kwanza: orodha hutoka safi, lakini pungufu. Makosa yakitupwa kwa 2>/dev/null, mtaa mzima waweza kuachwa bila ujumbe wowote kuonekana. Yakichanganywa kwa 2>&1 mwishoni mwa amri, ujumbe wa kosa huingia miongoni mwa majina.

Kwa hiyo, kabla ya orodha kubandikwa, faili la makosa lifunguliwe kwanza. Lisipokuwa tupu, kazi haijakamilika.