INZI WA MIGUU MIREFU: TUMJUE KABLA YA KUSHIKA BOMBA

Somo letu la leo linahusu mdudu mdogo sana. Ni inzi. Lakini si inzi yule wa chooni, wala si yule anayetumbukia katika chai yako. Huyu anakaa shambani, juu ya majani. Anang'aa kama shaba iliyosuguliwa, na miguu yake ni mirefu mno ukilinganisha na mwili wake.

Mtauliza, kwa nini tujifunze habari za inzi? Hebu tuwaeleze kisa kimoja. Kisa hiki kinatuhusu hata sisi tunaoandika.

Msimu mmoja wa maharage tulimtembelea mama mmoja, mwenzetu katika kisomo. Maharage yake yalikuwa na wiki tatu tangu kupandwa. Miche mingi ilikuwa imegeuka manjano, na mingine imelala chini. Mama akatuonyesha inzi wa kijani waliokuwa wakirukaruka juu ya majani. "Ndio hawa," akasema. "Hawa ndio wanaonimalizia maharage." Tukatazama. Kweli inzi wapo, na kweli miche inakufa. Basi tukakubali. Jioni ile mama aliuza kuku wawili, akanunua dawa ya wadudu, akaazima bomba, akapulizia shamba zima.

Inzi wa kijani wakaisha. Maharage yakaendelea kufa! Na yale machache yaliyosalia, baada ya siku kadhaa yakajaa vidukari, vile vidudu vyeusi vinavyosongamana kwenye vichipukizi na kufyonza maji ya mmea.

Ndipo bwana shamba alipofika. Yeye hakuanza na majani. Aling'oa mche mmoja, akaomba wembe, akapasua shina pale karibu na udongo. Lo! Ndani mlikuwa na funza wadogo weupe, na vijifuko vya kahawia vidogo kama punje za ulezi. Kumbe mwuaji alikuwa ndani ya shina muda wote, na ile dawa ya juu ya majani haikumfikia. Mama alinyamaza. Sisi pia tulinyamaza, maana sisi ndio tuliosema "ndiyo".

MWUAJI NI NANI?

Mwuaji ni inzi wa maharage. Huyu ni mweusi, anang'aa, na ni mdogo sana: urefu wake ni kama milimita 2 tu. Ukipita haraka humwoni. Jike hutoboa majani ya kwanza ya mche na kutaga mayai. Ukitazama majani hayo vizuri utaona vidoa vidogo vya manjano. Yai likianguliwa, funza hutafuna njia yake kushuka ndani ya kikonyo cha jani, kisha ndani ya shina, mpaka karibu na mizizi. Shina huvimba na kupasuka. Maji na chakula cha mmea havipiti tena. Mche mdogo hufa.

Huyu ndiye adui. Sasa tumwangalie yule tuliyemwua bure.

MTAZAME VIZURI

Inzi wa miguu mirefu wa majanini ana urefu wa milimita 4 hadi 6 hivi, yaani kama punje ya mchele. Rangi yake ni kijani kinachometameta. Wengine wana rangi ya buluu au ya dhahabu, na mmoja huyohuyo huweza kuonekana wa kijani upande huu na wa dhahabu akigeuka, kwa sababu ya mwanga. Kichwa chake kina macho makubwa. Mwili ni mwembamba, na tumbo huchongoka kuelekea nyuma. Ana mabawa mawili tu, kama inzi wote; nyigu na nyuki wana manne. Mabawa hayo ni maangavu, lakini kwa aina nyingine yana mistari au madoa meusi.

Miguu ni sita, myembamba kama uzi. Akisimama juu ya jani huinua kifua juu, kama mtu aliyesimama kwa vidole kuchungulia ukuta. Mkao huu ndio alama nzuri kuliko zote. Hata ukiwa mbali kidogo, hata kama rangi huioni sawasawa, mkao huo unakuambia ni yeye.

Wengine humchanganya na inzi wa kijani wa mizoga. Huyo naye anang'aa, lakini ni mnene, miguu yake ni mifupi, na utamkuta kwenye mzoga, mavi au samaki waliooza. Wa miguu mirefu hana haja na vitu hivyo. Yeye ni mwindaji.

Anawinda nini? Wadudu wadogo wenye miili laini: vidukari, utitiri, na hata inzi wadogo kuliko yeye. Hukimbia juu ya jani kwa hatua za ghafla, husimama, hukimbia tena. Akimkamata mdudu humbana kwa mdomo wake, humponda na kumfyonza. Hatuwaambii kwamba atamaliza vidukari vyote shambani. Hawezi. Lakini kila anayeliwa ni mmoja aliyepungua, na kazi hiyo anaifanya bila kudai kuku.

Mabuu yake wengi huishi kwenye udongo wenye unyevu, kwenye majani yaliyooza au chini ya maganda ya miti, na wengi wao pia huwinda vidudu vingine. Zipo aina chache ambazo mabuu yao hukaa ndani ya mashina ya majani ya porini na matete. Kwa hiyo tusidhani wote ni sawa.

Dume ana mambo yake. Katika aina nyingi miguu yake ina mapambo: vinyweleo virefu, au vishada kama manyoya. Humwendea jike akiipunga miguu hiyo na kutikisa mabawa, mithili ya kijana aliyevaa shati jipya siku ya sikukuu. Chini ya ncha ya tumbo lake kuna kifundo kilichokunjwa kuelekea mbele. Jike hana kifundo hicho.

WATAALAMU HUMPAJE JINA?

Kifundo hicho cha dume kina maana kubwa. Duniani wataalamu wamekwisha kuandika zaidi ya aina 7,000 za inzi wa miguu mirefu. Ukiwapanga mezani, wengi wanafanana. Basi mtaalamu humweka dume chini ya hadubini, akatazama kifundo kile, miguu, vipapasio na mishipa ya mabawa. Akiona hafanani na yeyote aliyekwisha andikwa, huandika maelezo yake, humchora, humpa jina la maneno mawili, na yule inzi mwenyewe huhifadhiwa katika jumba la makumbusho ili wengine wapate kumlinganisha.

Utaratibu huo wa majina mawili uliwekwa na Carl Linnaeus wa nchi ya Sweden. Mwaka 1758 yeye mwenyewe aliandika habari za inzi mmoja wa kijani wa Ulaya, ambaye leo huitwa Dolichopus ungulatus. Neno la kwanza limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni "mguu mrefu". Kwa hiyo jina la kitaalamu na jina letu la shambani yanasema jambo lilelile.

Hatuna hadubini, sawa. Lakini kalamu na daftari tunazo. Yule mama baadaye alitusomea aliyoyaandika mwenyewe:

"Nimemkuta saa mbili asubuhi juu ya jani la harage. Urefu kama punje ya mchele. Kijani, anang'aa. Mabawa mawili, yana mstari mweusi. Miguu mirefu ya manjano. Amesimama kifua juu. Amekamata kidukari. Nilipoweka kivuli cha mkono aliruka, akarudi jani lilelile."

Tazameni: ameandika mahali, saa, ukubwa, rangi, mkao na kazi aliyokuwa akiifanya. Bwana shamba akisoma maneno hayo atajua ni nani. Angeandika "inzi mbaya wa kijani", asingejua lolote.

NA MAHARAGE JE?

Mche ukianza kunyauka, ng'oa mmoja na upasue shina kabla ya kununua chochote. Ukikuta funza, ng'oa na miche mingine iliyokufa, uichome. Miche iliyo hai ipandishie udongo mashinani ili itoe mizizi mipya juu ya pale palipoliwa. Mingi hupona hivyo. Msimu ujao panda mapema, mvua zinapoanza, na usirudie maharage palepale. Habari za dawa za kuchanganya na mbegu kabla ya kupanda, mwulizeni bwana shamba wenu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni alama zipi tatu zinazomtofautisha inzi wa miguu mirefu na inzi wa maharage?
2. Kwa nini dawa ya mama haikuwaua funza?
3. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda shambani na daftari. Chagua mdudu mmoja, mwandike kama mama alivyoandika, bila kutaja jina lake. Wasomee wenzako. Je, wamemtambua?