Vipira vya Masikioni: Pima Kwanza, PIN Baadaye

Kipira kimoja kikipotea, vipokea sauti vyako vizima vinakuwa kama vimeharibika. Sauti inakuwa nyembamba, kimoja kinadondoka kila ukigeuza kichwa, na ukiwa ndani ya matatu unajikuta umeongeza sauti hadi mwisho. Wengi wetu hapo tunaanza kutafuta vipya. Hakuna haja. Zile raba ndogo za kuingia sikioni zinauzwa peke yake, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kifaa chenyewe.

Shida ni kupata zinazotoshea. Hapo ndipo somo letu la leo linapogusa pesa zako.

Kurudisha muamala si dawa ya saizi

Wateja wengi hudhani kwamba pesa ikienda kwa simu, itarudi kwa simu. Hiyo ni kweli nusu. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, kuna njia ya kuomba irudi. Mteja wa M-PESA, kwa mfano, hutuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Lakini njia hiyo iliwekewa makosa ya namba. Ukilipa duka ulilokusudia, kiasi ulichokusudia, halafu raba ikatae kuingia, muamala wako haukuwa na kosa lolote. Hayo sasa ni mazungumzo kati yako na mwenye duka.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme unaishi Njoro, raba ni shilingi 250, na nauli ya kuja Nakuru mjini ni 100 kwenda na 100 kurudi. Ukizinunua na zikatae, kurudi dukani kutakula 200 zingine. Hata ukirudishiwa zile 250 zote, umeokoa shilingi 50, na nusu siku imeisha. Ndiyo sababu raba nyingi zisizotoshea huishia kwenye droo. Kwa kitu cha bei ndogo, kinga yako kubwa ni kazi unayofanya kabla ya kuweka PIN.

Vipimo vitatu vya kufanya nyumbani

*Kwanza, umbo la shingo.* Toa kipira kilichobaki uangalie pale kinaposhika. Nyingi zina shingo ya duara, na raba hushika kwa kubana tu. Lakini zingine zina shingo ya yai, au raba yake ina pete ya plastiki inayobofya hadi usikie "tak". AirPods Pro ni mfano: raba ya duara ya kawaida haishiki vizuri pale, hata ukiilazimisha. Nazo AirPods za kawaida, zisizo Pro, hazina raba kabisa, kwa hivyo usikubali kuuziwa "raba zake".

*Pili, unene wa shingo.* Kata karatasi nyembamba, izungushe shingoni mara moja, weka alama inapokutana, kisha ipime kwa rula. Gawanya jibu kwa 3.14. Karatasi ikiwa milimita 16, shingo yako ina unene wa milimita 5 hivi. Tundu la raba likiwa dogo kidogo kuliko shingo ni sawa, maana silikoni hunyooka. Likiwa kubwa kuliko shingo, achana nayo: siku moja utatoa kifaa na raba ibaki ndani ya sikio. Ikitokea hivyo, usichokoe kwa kibiriti wala pini. Nenda hospitali waitoe.

*Tatu, sikio lako.* Raba kwa kawaida huwa saizi tatu: S, M na L. Angalia ile uliyokuwa ukitumia kama ilikutosha, usichague kwa macho. Pia masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane. Kuvaa M kushoto na L kulia ni jambo la kawaida kabisa, kwa hivyo pakiti yenye saizi zote tatu mara nyingi ni ununuzi salama zaidi.

Kama vyako ni vile visivyo na waya, ongeza kipimo cha urefu. Raba ikiwa ndefu sana, kifuniko cha kasha hakifungi vizuri na kifaa hakichaji. Linganisha na ile ya zamani kabla hujaitupa.

Muulize muuzaji kabla ya kulipa

Uwe unanunua kwenye duka la simu karibu na Kenyatta Avenue hapa mjini, au unaagiza kutoka Luthuli Avenue kule Nairobi, kilomita kama 160, iletewe na matatu, maswali ni yale yale:

1. Tundu la raba ni milimita ngapi?
2. Ni ya duara au ya yai?
3. Pakiti ina saizi zipi, na ni jozi ngapi?
4. Ikikataa kuingia, utanibadilishia au utanirudishia pesa? Ndani ya siku ngapi?

Uliza kwa maandishi. Tuma picha ya shingo ikiwa kando ya rula, pamoja na jina kamili la kifaa. Akijibu "hiyo inaingia zote, kuja tu," mwombe tena kipimo. Hakuna raba inayoingia zote.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Haki hiyo ina nguvu zaidi ukiwa na ujumbe unaosema "milimita 5, ya duara" kuliko kumbukumbu ya maneno ya dukani.

Sasa lipa

Ukiwa dukani, jaribu raba kwenye kifaa chako kwanza. Jaribu shingoni tu. Usitie sikioni raba ambayo wengine wameshajaribu, maana uchafu wa sikio hubeba maambukizi. Ikishika, lipa kwa namba ya Till ya duka, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa la mtu usiyemjua, simama uulize.

Ukiagiza kutoka mbali, elewana na muuzaji ulipe mzigo ukifika na ukiwa umeufungua. Kama lazima utangulize pesa, tanguliza kidogo. Kisha hifadhi ule ujumbe wa malipo. Una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, na huo ndio risiti yako.

Jaribio la mwisho, na masikio yako

Ukifika nyumbani, cheza wimbo wenye besi. Bonyeza kifaa taratibu kuelekea ndani. Besi ikiongezeka ghafla, raba ni ndogo, jaribu saizi inayofuata. Sikio likiuma baada ya dakika kumi, raba ni kubwa.

Usilipuuze jaribio hili. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Raba inayoziba vizuri huzuia kelele za injini na makanga, kwa hivyo unasikia vyema bila kupandisha sauti. Raba inaweza kununuliwa tena, lakini uwezo wa kusikia ukipotea kwa kelele haurudi.

Zoezi la leo: chukua karatasi na rula, pima shingo, kisha andika kwenye simu yako mambo manne: umbo, unene, saizi ya kushoto, saizi ya kulia. Siku kipira kitakapopotea, utakuwa tayari na cha kumwambia muuzaji.