Somo: Usingizi kidogo, hasira mingi

Wakati wa mavuno tunachelewa kulala, juu kahawa nyekundu inapaswa kumenywa siku ileile. Lakini ni wakati wa kulala ndipo ubongo unahifadhi mambo ya mchana.

– Mtoto (miaka 6–12): saa 9 mpaka 12. Akikosa, analialia na masomo hayashiki.
– Kijana (13–18): saa 8 mpaka 10. Akikosa, anakasirika bure na anasahau. Si uvivu.
– Mtu mzima: saa 7 ao zaidi. Akikosa, anagombana nyumbani, anakosea kwenye mizani ao anapima vibaya dawa ya shamba.
– Mzee: saa 7 mpaka 8, lakini anaamka mara mingi. Akisahau sana, musikimbilie kusema ni uchawi. Muulize kwanza analala namna gani, kisha mumupeleke kituo cha afya.

Cha kufanya: mupange zamu za mashine na za kulinda shamba. Aliyekesha asipime kilo wala dawa asubuhi.

Muzungumze katika kikundi: kwetu nyumbani, nani analala wa mwisho na kuamka wa kwanza? Kama ni mama, tumusaidie kazi gani?