Mshale wa Geji Ukigoma Kushuka, Usikimbilie Dukani

Shemeji yangu alikuja kututembelea Denver, na kwa kuwa hakuwahi kulala ndani ya karavani, tukaivuta hadi kambi moja ya milimani hapa Colorado. Nilipotoka huko nikawaahidi watu wa kikundi chetu kwamba nitaandika hatua za kuunga karavani na maji ya nje. Ziko tano. Mambo ya kufungua kifuniko na kukaza nati sitayagusa. Aliyeweza kurudisha karavani kinyumenyume kati ya miti miwili hashindwi na nati.

Hatua ya kwanza: hakikisha bomba ni la maji ya kunywa. Lile lililo jirani na shimo la kumwagia maji ya choo ni la kusuuzia tu, hata maji yake yawe maangavu vipi, maana watu huosha pale mipira ya choo na kushika bomba kwa mikono ileile. Hata bomba la sehemu yako, lipulizie mdomoni maji yenye Jik kidogo (huku chupa imeandikwa Clorox), subiri dakika chache, kisha yaache maji yamwagike kabla hujaunga kitu.

Hatua ya pili: tumia mpira wako mwenyewe, ulioandikwa kwamba ni wa maji ya kunywa. Mara nyingi huwa mweupe au wa bluu. Wa kijani wa bustani uachie bustani. Ukikaa juani, chai yako itanuka raba.

Hatua ya tatu ni regyuleta, na hapa vuta kiti.

Karavani nyingi hutaka presha ya paundi 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba, ile tunayoandika psi. Bomba la kambi halina habari na hayo. Milimani ndiyo balaa zaidi, kwa sababu tenki huwekwa juu, na kila mita 10 za kuteremka huongeza takriban psi 14. Sisi tulipangiwa sehemu ya chini kabisa, kando ya kijito. Kijana wa ofisini alitwambia bila kificho kwamba huko chini presha hufika 95. Kwa nyumba ya kawaida Marekani, kanuni za ufundi bomba hudai kipunguza presha ikishazidi 80. Kambini kipunguza presha unakuja nacho mwenyewe.

Regyuleta ifungwe kwenye bomba, siyo kwenye karavani, ili na mpira upate kinga. Kuna ile fupi ya shaba, haina geji wala skrubu. Wauzaji wanaisifu sana, nadhani kwa sababu wanazo makasha kwa makasha. Mimi siitaki. Inabana maji hadi unaoga kwa kuomba, na huna njia ya kujua imepunguza mpaka wapi. Nunua yenye skrubu ya kurekebishia na geji, hata kama itabidi mwezi huo usinunue kiti kipya cha kukunja.

Yangu ilikuwa mpya. Nikafunga, nikafungulia maji, mshale ukasimama kwenye 70. Nikalegeza skrubu kuelekea kushoto. Sabini. Nikalegeza tena. Sabini. Shemeji akachungulia dirishani: "Bwana shemeji, leo tunaoga au tunasoma saa?" Nikapiga simu dukani. Muuzaji hakuuliza hata swali moja. "Geji imekufa. Njoo uchukue nyingine." Nikateremka mlima wote ule, nikanunua, nikapanda tena.

Nafika, geji mpya ingali ndani ya pakiti, spana iko mkononi. Mama watoto amepakua ugali, shemeji kaenda kunawa. Alipofungua tu koki ya sinki, mshale "uliokufa" ukaporomoka mbele ya macho yangu. Akafunga koki, ukatulia kwenye 30. Yaani regyuleta ilikuwa ikinitii muda wote!

Siri yenyewe ni hii. Karavani ina valvu mlangoni pa maji inayoyazuia yasirudi nje. Regyuleta nayo haiyaachii kurudi kwenye bomba. Kwa hiyo ukilegeza skrubu huku koki zote zimefungwa, maji yaliyokwisha kuingia kwenye mpira kwa psi 70 yamenaswa humo, na geji inakusomea presha ya wafungwa hao. Fungua koki ndani, yatoke kidogo, funga, ndipo usome. Kila unapopunguza, rudia hivyo. Mimi nilikuwa nimelegeza kupita kiasi, basi nikakaza kidogo kidogo kwenda kulia hadi 48.

Na usisome maji yakiwa yanatiririka. Maji yakitembea geji huonyesha pungufu, ukaridhika bure. Namba ya kuaminika ni ya koki zilizofungwa, na saa nzuri ni usiku, majirani wamelala na presha ya kambi imepanda. Mchana mpira ulioanikwa juani hupashika moto na kuusukuma mshale juu, ukadhani kuna ubovu. Lakini ukiona usiku, baridi ikiwepo na koki zote zimefungwa, mshale unapanda taratibu bila kukoma, hapo regyuleta inavujisha presha kwa ndani. Hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Nilirudi dukani na pakiti isiyofunguliwa. Wakakataa kunirudishia pesa, eti vifaa vya maji havirudishwi. Jina la duka nawahifadhia.

Hatua ya nne: filta ikae baada ya regyuleta, na usikichomoe kile kifaa kidogo kilicho mdomoni mwa bomba, kinazuia maji machafu yasinyonywe kurudi kwenye mfumo wa kambi nzima. Bomba la mkono mrefu la sehemu za baridi ama ulifungue kabisa, ama ulifunge kabisa. Ukiliacha katikati, tundu lake la chini linamwaga maji ardhini muda wote.

Hatua ya tano: ukitoka kwenda kutembea, funga maji kwenye bomba. Psi 48 ni salama kwa mabomba, ila nati moja ikiachia ndani wakati hamko, maji hayatasubiri mrudi ndipo yaanze kuloweka sakafu. Shemeji alilalamika kwamba namsumbua kwa kumrudisha afunge. Alifunga.