DARASA FUPI LA RAMADHANI, SIKU YA 11: TUANZE NA DENI DOGO



Ndugu zangu waumini, wazee wetu, mama zetu na vijana wetu, Alhamdulillah tumeingia kumi la pili. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi tunalo lakini hatulisemi. Deni.

Sote tumeshahudhuria mazishi. Maiti anapotaka kuswaliwa, ndugu wa marehemu husimama akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, aje atuone. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mbele naongoza swala ya jeneza, tangazo lile likatolewa, na mimi badala ya kumfikiria maiti nikajikuta nahesabu. Ingekuwa mimi leo, wangejitokeza wangapi?

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.) kwamba iliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.), akauliza kama marehemu anadaiwa. Akaambiwa anadaiwa dinari tatu, na hakuacha kitu cha kulipia. Akawaambia Masahaba wamswalie wao. Mpaka Abu Qatada (r.a.) aliposema deni lile analibeba yeye, ndipo Mtume akamswalia. Dinari tatu tu, jamani!

Na Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kuwa Mtume alikuwa akiomba sana kinga dhidi ya deni ndani ya swala. Alipoulizwa kwa nini, akajibu kuwa mtu akishaingia kwenye deni, akizungumza husema uongo na akiahidi huvunja ahadi.

Hapo ndipo palinichoma. Mimi ni mwalimu wa shule na mwalimu wa madrasa. Lakini wakati ule, nikienda kuswalisha Isha, nilikuwa napita uchochoro wa nyuma ili nisipite mbele ya duka ninalodaiwa. Imamu anakwenda kwenye mihrabu kwa kujificha! Mwenye duka akinikamata njiani namwambia "kesho inshaallah", huku najua kabisa kesho sina kitu. Nilikuwa nalitumia jina la Allah kufunika uongo wangu.

Usiku ule baada ya tarawehe nilikaa na mama watoto tukachukua daftari la mtoto la hesabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 282, imekuja kutufundisha kuandika deni. Tunaisoma kila Ramadhani, lakini nyumba ngapi zina karatasi yenye madeni yote? Tukaandika:

▪️ Mkopo wa simu: 36,000, na ada inapanda kila siku
▪️ Dukani: 86,000
▪️ Mwalimu mwenzangu: 150,000
▪️ Kikoba: 200,000

Hilo la kikoba lilikuwa la mama watoto, wala sikuwahi kulijua. Alikuwa anakopa ili ajaze mapengo ninayoyaacha mimi. Alilia, na mimi machozi yalinitoka. Jumla 472,000. Kwa mshahara wangu wa wakati ule ulikuwa mlima.

Tungeutazama mlima wote tungekata tamaa. Tukakubaliana kitu kimoja tu: *shilingi 2,000 kila siku*, ziingie kwenye kopo kabla ya matumizi mengine. Tukaangalia zitoke wapi. Mwezi huu tunafunga kutwa, lakini matumizi ya jikoni yanapanda! Tukaacha juisi ya kununua na sambusa za kununua. Futari ikabaki uji, tende, na mihogo au magimbi. Bodaboda ya kwenda shule nikaiacha, nikatembea. Bando la simu nikalipunguza.

Tukaanza na deni dogo, tena ndilo lililokuwa na riba. Siku ya kumi kopo lilikuwa na 20,000. Nikaongeza 20,000 niliyoweka kwa ajili ya kanzu ya Idi, nikalipa mkopo wa simu, maana ulikuwa umeshafika 40,000. Nikafunga mlango ule. Idi niliswali na kanzu ya zamani, na wallahi sijawahi kuvaa kanzu nyepesi kama ile.

Kisha nikaenda dukani kwa kupita njia ya mbele. Nikamwambia, "Ndugu yangu nisamehe, nilikuwa nakukwepa. Sina zote, lakini kila Ijumaa nitakuletea kidogo." Akaniambia, "Ustadhi, nilikuwa nakuona unavyopita kule nyuma. Nilikuwa naona haya kukuuliza." Kumbe aliyekuwa ananihifadhi heshima yangu ni yule ninayemkimbia.

Ramadhani ilipokwisha hatukuliweka kopo kando. Mwezi mmoja mtoto aliugua, hatukuweka kitu. Mwezi uliofuata tukaendelea. Mwezi wa nane baada ya Idi tulipiga mstari kwenye deni la mwisho.

Ndugu zangu, amali anayoipenda zaidi Allah ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Hadithi hii tunaitumia kwenye swala za usiku na kusoma Qur'ani, na ni sahihi. Lakini kulipa deni nako ni ibada, tena ni wajibu. Anayelipa 1,000 kila siku bila kukatika yuko mbele ya anayesubiri mchezo umwangukie au biashara ifunguke ndipo alipe zote.

*Mambo manne ya kushika:*

1️⃣ *Usilipe mkopo kwa mkopo.* Kuchukua huku ukazibe kule ni kuhamisha shimo. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata ikiitwa ada au huduma. Aliyekwishaingia asikate tamaa, mlango wa toba uko wazi: alipe, atoke, asirudi. Na ndugu zetu mlio nje mnaotumia kadi za benki za mkopo, jambo ni lile lile. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba inakula malipo yako na deni karibu halisogei.

2️⃣ *Mke na mume waambiane.* Deni la siri ndani ya nyumba huzaa deni jingine la siri.

3️⃣ *Mwendee anayekudai kabla hajakufuata.* Mpe tarehe na kiasi unachokiweza kweli. Kama hukiwezi, usikitaje.

4️⃣ *Faradhi kwanza.* Usikope ili ufuturishe watu. Anayekudai ana haki juu yako, na tende moja inatosha kumfuturisha aliyefunga.

Na wewe unayedai, usisahau aya ya 280 ya sura hiyo hiyo: mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni kheri zaidi. Wenye kutoa zaka nao wakumbuke kuwa wenye madeni wametajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, miongoni mwa makundi manane. Mwenye deni lililomshinda kabisa asione haya, aje tuzungumze baada ya swala. Yatabaki kati yetu.

*ZOEZI LA LEO:* Baada ya kufuturu, andika madeni yako yote, hata ya 500. Lizungushie duara lililo dogo kuliko yote. Chagua kitu kimoja cha kupunguza kesho, na pesa yake iweke pembeni kwa ajili ya hilo.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utulipie madeni yetu, uwarehemu waliotutangulia wakiwa na madeni, na utupe wepesi wa kuwalipia. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Kesho inshaallah tutaendelea.

Wabillahi tawfiq.